Kutoka Wete kwenda Unguja kutafuta mgahawa wa muziki

Alhamisi

Binamu yangu anafungua mgahawa Wete, karibu na bandari, na anataka uwe mgahawa wa muziki: watu wale, na taarab ipigwe papo hapo mbele yao. Nyumba ameshapata, pesa ya kuanzia anayo. Kinachomsumbua ni kwamba hajawahi kukaa mahali pa namna hiyo. Mimi napiga fidla katika kikundi chetu cha mtaani, na dada yangu, aliyeolewa London, yuko nyumbani kwa likizo ya watoto. Basi tumetumwa sisi wawili Unguja tukale, tusikilize, tuandike.

Boti ya kutoka Mkoani ilijaa. Kusi ilikuwa inavuma kwa nguvu, na mkondo wa Pemba ulitupeleka huku na huku hadi tulipouona mnara wa Nungwi. Tulipoingia upande wa Tumbatu bahari ikatulia, watu wakaanza kuulizana habari, na dada akanihadithia Hard Rock Cafe.

Jina hilo nilikuwa nikilisoma kwenye fulana za mitumba tu. Yeye amekula pale palipoanza mambo yote, London, karibu na bustani ya Hyde Park. Mgahawa ule ulifunguliwa Juni 1971 na vijana wawili wa Kimarekani, Isaac Tigrett na Peter Morton, waliotaka hambaga ya kwao iliyopikwa kama ya kwao. Siku hizo haukuwa na hazina ya magitaa. Inasimuliwa kwamba mpiga gitaa Eric Clapton, aliyekuwa mteja pale, alitoa gitaa lake litundikwe ukutani juu ya sehemu aliyopenda kukaa. Haukupita muda, Pete Townshend wa bendi ya The Who akapeleka la kwake, na kikaratasi kinachosema kwamba lake si baya kuliko la mwenziwe. Leo kampuni ina vitu zaidi ya 80,000 vya wanamuziki, vimegawanywa katika matawi yake duniani, na tangu 2007 iko mikononi mwa Waseminole wa Florida, Wamarekani wa asili. Wapende wote, wahudumie wote, ndiyo kaulimbiu yao tangu zamani.

Nilimsimamisha dada hapo kwenye gitaa la Clapton. Mwanamuziki alikuja kwanza kula, akapazoea, akapapenda, ndipo gitaa lake likapanda ukutani. Hakuna aliyekwenda sokoni kununua mapambo. Jambo hilo nimeliandika juu kabisa ya daftari.

Tumefikia kwa shangazi, Kikwajuni. Tulipomweleza tulichokuja kufanya, alituuliza swali moja kabla hajatukaribisha chai.

"Huko mnakokwenda kula, kunauzwa ulevi?"

"Tutachagua, shangazi."

"Chagueni vizuri, wanangu. Marehemu baba alikuwa na santuri za taarab za Siti binti Saad. Akiwekwa Siti, nyumba nzima inakaa barazani na kahawa. Alisikilizwa na kila mtu, hata wazee wa msikitini walipita polepole."

Swali la shangazi nimeliandika chini ya gitaa la Clapton. Mgahawa wa muziki ambao shangazi yako hawezi kuukalia, kwa Wete, utakuwa wa wageni peke yao.

Ijumaa

Baada ya sala ya Ijumaa tulikwenda Shangani, kwenye nyumba ya kumbukumbu ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, iliyofunguliwa Novemba 2019. Nilikuwa nimeipita mara nyingi bila ya kuingia. Humo zimo picha zake alipokuwa bado mtoto Farrokh Bulsara, aliyezaliwa mji huu tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Kiparsi, Wahindi wenye asili ya Uajemi, ambaye baba yake alikuwa keshia wa serikali ya kikoloni. Alipelekwa shule India akiwa mdogo, huko akajifunza piano, akarudi Unguja ujanani, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Yaliyofuata dunia nzima inayajua. Alifariki 24 Novemba 1991.

Wapo watu kwetu wasiotaka hata kusikia jina lake. Mimi siko nao. Mtoto aliyezaliwa hapa ni mtoto wa hapa, na sauti ile ni neema ambayo mji una haki ya kuionyesha. Kule Mizingani upo mgahawa unaoitwa Mercury's, umekaa juu ya ufuo, na kila mgeni anayeshuka bandarini anaupita. Hilo nalo sina ubishi nalo.

Kilichonigusa ni hesabu ya miaka. Freddie alipozaliwa, Siti binti Saad alikuwa hai bado, katika mji huu huu. Alikuwa ametoka Fumba, msichana wa kuuza vyungu, akaitoa taarab kwenye Kiarabu cha kasri na kuiimba kwa Kiswahili ili watu wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe, waielewe. Mwaka 1928 alisafiri Bombay na wenzake kurekodi santuri, na santuri hizo ndizo alizokuwa nazo babu yangu. Alifariki 1950, Freddie akiwa na miaka mitatu. Sauti mbili kubwa zilizotoka visiwa hivi zilipumua hewa moja kwa miaka hiyo michache, na mgeni anayekula Mji Mkongwe anaijua moja tu. Dada alisimama muda mrefu mbele ya picha moja ya Freddie akiwa mtoto mchanga. "Kaka," akasema, "namtaka Siti kwa ukubwa huu huu. Mlangoni."

Jioni tulikula Forodhani, kwa kuwa hakuna Mpemba anayefika Mjini akaikosa. Urojo, mishkaki ya ng'ombe, muhogo wa kuchoma, maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Pizza ya Zanzibari dada alinunua kwa ajili ya watoto na akaila mwenyewe. Bustani hii ilitengenezwa upya mwaka 2009 na wakfu wa Aga Khan, na inapendeza. Upande wa pili wa njia iko Ngome Kongwe, ambako tamasha la muziki la Sauti za Busara lilianza Februari 2004, na pembeni yake Beit al-Ajaib, nyumba ya Sultan Barghash ya mwaka 1883, ambayo sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Barghash ndiye anayetajwa kuwa aliileta taarab kutoka Misri, na akamtuma Mohamed Ibrahim huko Cairo akajifunze ganuni, ala ya nyuzi nyingi. Basi muziki huu uliingia Unguja kwa mlango wa kasri, nyumba ya chakula na wageni. Anachokitaka binamu si kitu kigeni hata kidogo.

Pale Forodhani muziki ulitoka kwenye spika ya muuza juisi, wa Bara, wa vijana, na watu wakala kwa furaha. Sikuandika chochote.

Jumamosi

Leo ndiyo siku yenyewe. Tulipiga simu mapema kwenye mgahawa mmoja wa Mji Mkongwe, wa juu ya paa, ambao usiku huwa na taarab. Jina lake silitaji, maana nina la kuulaumu na la kuusifu, na nililokuja kutafuta ni funzo.

Ngazi ni nyingi na kali. Juu unavua viatu, unakaa chini kwenye mito, meza fupi mbele yako, na mji mzima wa mabati na minara uko chini ya macho. Bei imeandikwa kwa dola. Dada alilipa, akaniomba nisiulize. Chakula kilikuja kidogokidogo: katlesi na bajia kwanza, halafu samaki wa kupaka, pweza wa nazi, pilau, boga, chatne ya embe. Pweza alikuwa laini na nazi yake ilikuwa tui zito la kwanza. Aliyepika anajua kazi, na hilo nalisema bila ya kubakisha. Kahawa ya tangawizi na halua mwishoni.

Wapigaji walikuwa wanne na mwimbaji mmoja, mwanamke wa makamo aliyevaa vizuri. Udi, ganuni, fidla, na dumbak, ngoma ya mkono. Walianza na bashraf, muziki wa ufunguzi usio na maneno, kama inavyopasa, na toka miguso ya mwanzo nilijua kwamba wazee hawa hawakuokotwa. Mwenye fidla alikuwa na upinde mrefu, hakimbilii noti, anaivuta mpaka ikubali. Ganuni ilijibu. Mikono yangu ilianza kutembea yenyewe juu ya goti.

Lakini walikuwa wamekalishwa wapi? Mlangoni mwa ngazi, njia ya jikoni. Kila sahani iliyotoka ilipita kati ya udi na dumbak. Mara mbili mpiga ganuni alikunja kiwiko ili mhudumu apite. Wageni, wengi wao wa Ulaya, walizungumza kwa sauti zao za kawaida, wakapiga picha za machweo, wakapiga makofi kila wimbo ulipoisha, kwa heshima, na wakarudi kwenye mazungumzo. Siwalaumu. Hakuna aliyewaambia kinachoimbwa. Mwimbaji alikuwa anaimba fumbo zito la mpenzi aliyepanda mti kwenye shamba la mwenziwe akaondoka na matunda, na meza ya jirani yetu ilikuwa inagawana bili.

Dada akasimama.

Alitoa noti pochini, akaishika juu kwa vidole viwili, akaanza kwenda mbele ule mwendo wa arusini kwetu, taratibu, bega moja baada ya jingine, uso umemwelekea mwimbaji peke yake. Mwimbaji alimwona. Akaurudia ule ubeti, na safari hii aliuimba hasa, akalitupa fumbo lile kama anamjua mwenye shamba. Fidla ikapanda. Mwenye dumbak aliketi sawa. Dada akamtunza, akambusu shavuni, akarudi polepole. Paa zima lilikuwa limenyamaza. Kisha mama mmoja wa Kitaliano, mtu mzima, akamuuliza dada kwa ishara kama naye anaruhusiwa, na dada akamfundisha palepale namna ya kushika noti. Wakaenda watatu, wanne. Kwa nyimbo zilizobaki hakuna aliyegusa simu.

Hakuna kitu ukutani kilichofanya kazi hiyo. Mtu mmoja aliyejua adabu ya taarab alitosha kuwafundisha wengine, na walijifunza kwa dakika chache, kwa hamu. Nimemwandikia binamu: awe na mtu wa kuinuka. Na maneno ya kila wimbo yaandikwe kwenye karatasi mezani, fumbo lake lifafanuliwe kidogo, kwa Kiswahili na kwa lugha za wageni.

Ukuta nao niuseme. Walikuwa na picha za milango, za majahazi, na moja ya Bi Kidude akivuta sigara, nzuri sana. Haikuwa na jina wala mwaka. Kijana mmoja wa Kijerumani alimuuliza mhudumu huyu ni nani, akajibiwa kuwa ni mwimbaji wa zamani. Iliniuma. Fatuma binti Baraka, aliyepewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005, aliyeimba majukwaa ya dunia akiwa bibi kizee, aliyezikwa Aprili 2013 na umati wa watu, "mwimbaji wa zamani"! Dada alimweleza kijana yule mpaka chai ikapoa.

Wapigaji walipopumzika nilikwenda kuwaamkia. Shikamoo kwa mzee wa udi, nikajitambulisha kuwa mpiga fidla wa Wete, na wakanifanyia nafasi. Nikamweleza nia ya binamu, nikamuuliza angemshauri nini.

"Mwambie wimbo ukianza, jikoni pasimame," akasema mzee. "Watu wale baina ya nyimbo. Sisi tukipumzika, sahani zitembee. Wao wakipumzika, sisi tupige. Haiwezekani vyote viwili vipite mlango mmoja."

"Na malipo, mzee?"

"Malipo yawe yamekubaliwa kabla sijafungua mfuko wa udi. Tunzo ni ya mpigaji. Mwenye nyumba asiitie mkono."

Nilimwomba ruhusa ya kuyaandika maneno yake, akanikubalia.

Jumapili

Mvua. Shangazi alipika mkate wa kumimina, watoto wa dada wakashikwa na mafua, hatukutoka.

Jumatatu

Vuga, jioni, kwenye mazoezi ya Culture Musical Club. Kikundi hiki ni cha mwaka 1958, na ndugu yake mkubwa, Nadi Ikhwan Safaa, ni wa 1905, kilichoundwa na watu wa mji waliotaka muziki wa kasri uwe wao pia. Fikirieni: mji wenye kilabu cha muziki kilichopita miaka mia moja, kinapiga bado, na mgeni anakula chakula cha usiku karibu nacho akisikiliza nyimbo kutoka kwenye simu ya mhudumu. Hili ndilo linalonikera zaidi kuliko bei za dola.

Mazoezini hakuna chakula. Kuna viti vya plastiki, chupa za maji, watu wa rika zote, na fidla zaidi ya moja zikitafuta kusemezana. Wakati fidla zote zinapovuta pamoja na akodiani inajaza chini, kifua kinafunguka. Lakini nilipohesabu wapigaji nikakiangalia kipimo cha baraza ya binamu, nikajua taarab ya namna hii haiingii Wete kwenye mgahawa. Ukiwaweka hawa wote, wateja watakaa barabarani.

Jibu lilitoka kwa kijana mmoja mpiga fidla, aliyesoma kwenye kile chuo cha muziki wa nchi za majahazi, kilichoanza mwaka 2002 na kukaa miaka mingi kwenye jengo la forodha ya zamani, Mizingani. "Mjomba," akaniambia, "kwa nini msipige kidumbaki?"

Nilimwangalia kama mtu aliyenirudishia kitu changu. Kidumbaki ni fidla moja, vidumbaki viwili, yaani ngoma ndogo mbili, sanduku la kuvutwa kwa kamba badala ya besi, cherewa za kutikisa, mkwasa, yaani vijiti vya kugonganisha, na mwimbaji. Hakitaki umeme. Wapigaji wanaenea kwenye jamvi moja. Ni muziki wa arusi za mtaani, wa watu wa kula pilau mchana na kucheza usiku, na nyimbo zake zinaungana moja kwa nyingine bila ya kusimama ilimradi wachezaji wamo. Una nguvu ya kuinua mtu na sahani yake. Vikundi vikubwa vinaweza kuja mara moja kwa msimu, uwanjani, kwa tiketi. Siku za kawaida za mgahawa ni za kidumbaki.

Kijana akanionyesha sanduku lao, mbao za kawaida, kijiti na kamba. Aliyelivuta alikuwa seremala, na alikubali kuja Pemba kutufundisha kulitengeneza, tukimlipia boti na siku zake.

Jumanne, kwenye boti

Dada na mimi tumebishana toka bandari ya Malindi, Unguja, mpaka tulipoiacha Nungwi. Yeye anataka ukuta ujae kama Hard Rock: picha, santuri, fidla kongwe ya marehemu baba yetu kwenye kioo. Mimi picha nazikubali. Siti mlangoni, kwa ukubwa ule wa Shangani, Bi Kidude pembeni yake, na Freddie naye awepo, kwa kuwa ni wetu. Kila picha na jina kamili, mahali alipozaliwa mtu, miaka yake na alichokipiga. Na wapigaji wa Pemba watafutwe, nyumba kwa nyumba, kabla albamu zao hazijaliwa na mchwa. Kazi hiyo dada ameichukua. Ataanza Chake Chake, kwa mzee aliyekuwa akipiga udi na baba.

Fidla ya baba sitaki itiwe kwenye kioo. Inapigika. Itapewa kijana asiye na chombo, aipige pale pale mgahawani, na jina la baba liandikwe kwenye mfuko wake.

Ulevi, hapana. Mapishi ni ya shemeji, mke wa binamu, na hapo hatuna wasiwasi. Jukwaa litakuwa upande wa bahari, mbali na jiko, na jiko litasimama wimbo ukianza. Bei itaandikwa kwa shilingi, na usiku mmoja kwa wiki mwenyeji atakula nusu bei ili baraza isiwe ya wageni peke yao. Binamu, kwa simu, amekubali yote hayo, ila ameomba wapigaji walipwe kwa kugawana faida mwezi wa mwanzo, mpaka biashara isimame. Nimemjibu kwamba nitapiga bure mimi na wenzangu wawili wanaotaka, kwa mwezi huo, kwa udugu. Mwimbaji, wenye vidumbaki na yule seremala watalipwa usiku ule ule, kwa bei iliyokubaliwa mapema. Anafikiria. Nimemwambia sipunguzi.